Bafle la Gari, Bafle la Arusi

Mume wangu ana magonjwa mawili: shinikizo la damu, na bafle la besi lililo ndani ya buti la gari lake. La kwanza analimezea dawa. La pili halina dawa, na sisi wengine ndio tunaolimeza.

Ni boksi lililofunikwa zulia la kijivu, na ndani yake kuna spika moja nzito yenye mdomo wa mpira mnene. Kazi yake ni sauti za chini tu, zile ambazo sikio huzisikia nusu na tumbo likamalizia. Tangu alipolifunga, buti si buti tena. Nikinunua gunia la unga wa mahindi, linapanda kiti cha nyuma kama abiria, nami nalikumbatia kwenye kila kona lisije likaniangukia. Akiliwasha, bango la namba linatetemeka, vioo vya pembeni vinatetemeka, na majirani wanajua kwamba bwana wa nyumba anarudi kabla hajavuka hata reli. Hapo ndipo naanza kukasirika, ili akifika anikute tayari.

Lakini tumpe haki yake. Mbele ya baba yangu, bafle lile halikuwahi kulia. Kwetu heshima ya mkwe tunaiita buko, na buko haina mchezo. Mume wangu hali sahani moja na baba yangu, hamtanii, hamwangalii machoni. Wakikaa peke yao, lazima awepo mtu wa tatu kati yao wa kupokea maneno na kuyapitisha upande wa pili. Na baba akipanda gari, muziki unazimwa papo hapo. Mkwe gani mwenye adabu atampigia babamkwe kelele za besi?

Sasa kichekesho ni kwamba baba yangu ni kiziwi.

Baba alikuwa mtu wa baruti kwenye machimbo ya shaba. Alitega baruti kwenye mashimo yaliyotobolewa mwambani, akapiga king'ora, akalipua, kisha akahesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yenyewe. Idadi ya mashimo uliyotega lazima iwe sawa na idadi ya milipuko unayoisikia. Ukipungua mmoja tu, ujue kuna baruti iliyobaki hai ndani ya mwamba, na atakayeikanyaga atarudishwa kwao vipande vipande. Basi mtu wa baruti huinua mkono, na hakuna anayesogea, awe mbeba sururu au mkubwa wa machimbo, mpaka yeye mwenyewe aseme ingieni. Kazi ile ilimpa baba heshima, ikamchukulia masikio.

Siku hizi anakaa kwetu hapa Kolwezi, kwenye mtaa wa nyumba za matofali walizojengewa wafanyakazi wa zamani. Kila alasiri mgodi ulio ng'ambo unalipua. King'ora kinalia, nasi tunafanya yale ambayo kila mtu wa mtaa huu hufanya: mkono mmoja unashika kikombe, wa pili unashika mfuniko wa sufuria, ardhi inatikisika, kisha tunaendelea na umbea pale pale tulipouachia. Hakuna anayekimbia. Wageni ndio wanaokimbia, na hao tunawasimulia mwaka mzima.

Baba hakisikii king'ora, lakini akituona tumeshika vikombe anavua ndala zake na kukanyaga sakafu kwa nyayo tupu. Anahesabu kwa miguu. Sijui anajuaje, maana hakuna anayemwambia leo wametega mashimo mangapi. Nadhani anafuata mpigo wenyewe, kama mtu aliyezoea wimbo anavyojua kwamba ubeti umerukwa. Ikiisha, anangoja kidogo, anaitikia kwa kichwa na kututangazia:

"Byote bilisha kupasuka."

Yaani vyote vimeshalipuka. Hakuna aliyemtuma. Nasi hakuna anayeweka kikombe chini kabla hajasema.

Zamani baba na mama walikuwa wachezaji wa rumba. Si wa kujaribujaribu, ni wale ambao watu wengine wakiwaona wanarudi kukaa. Masikio yalipokwisha, aliendelea kucheza kwa kufuata mwili wa mama. Mama alipofariki, hakuwa tena na mwili wa kufuata, akaacha kabisa. Miaka ikapita, hakuna arusi iliyomwinua kitini.

Ndipo binti yangu akapata mchumba. Katika ukoo wetu, arusini hakuna anayecheza mpaka mkubwa wa ukoo amshike bibi arusi mkono na kuingia naye uwanjani kwanza. Mkubwa ni baba. Wajomba walianza kunong'ona kwamba labda achaguliwe mwingine, mzee akae apumzike. Binti yangu alikata mzizi wa fitina palepale.

"Kambo njo atafungula," alisema. Kambo ni babu. "Kama hapana yeye, hakuna mutu wa kucheza."

Alimwendea babu yake, akamwonyesha kwa mikono na kwa kiuno. Baba akaelewa, akageuza uso.

"Kipofu ya masikio akicheza, batu banaceka," alisema. Kisha akamtazama yule mtoto aliyemlea, akalegea. "Tutaona."

Kwa baba, tutaona ni neno kubwa. Mimi nilililalia na kuliamkia. Nilitaka kumwona akicheza tena, hata wimbo mmoja, na nilitaka hivyo kuliko bibi arusi mwenyewe.

Wiki ya arusi, mume wangu alitangaza kwamba hatuhitaji sono. Sono ndivyo tunavyoita mitambo yote ya muziki wa sherehe, pamoja na mwenyewe anayeipiga.

"Sono ya nini?" aliuliza. "Bafle tuko nayo. Inatikisa motokari muzima, itashindwa na lupango?"

Lupango ni uwanja wa nyumba, na wetu ni mpana, una ukuta upande mmoja tu. Alilitoa bafle kwenye buti mwenyewe, akalibeba huku ameshika kiuno, akaliweka katikati chini ya turubai, akaliunganisha na betri ya gari. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amekaa akichambua sombe, majani ya muhogo. Mume wangu akawasha, akajipanga miguu, akatungoja tuanguke.

Bafle likatoa sauti ya mtu anayepiga godoro nyumba ya tatu.

Shangazi aliinua kichwa. "Hii inalia," aliuliza, "ao inaomba musamaha?"

Mume wangu akaongeza. Godoro likapigwa kwa haraka zaidi. Akaongeza tena mpaka mwisho, na harufu ya kitu kinachoungua ikatufikia kabla ya muziki. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini wahenga hawakuwahi kulitoa kwenye buti. Alizima, akalirudisha mahali pake, akafunga buti kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Basi upande wa bwana arusi ukatuletea mwenye sono wao, mtu mnene mpole kutoka Lubudi, mji wa reli na mashamba. Mabafle yake ya besi yalikuwa mawili, meusi, marefu, yenye mishikio ubavuni, na kila moja lilishushwa kwenye gari na wanaume wanne waliokwenda polepole, vichwa chini. Jirani mmoja aliwaona kutoka dirishani, akajifunga kitenge kiunoni, akaja kwetu analia. Nikamwambia ni muziki. Akafuta machozi, akauliza chakula ni saa ngapi.

Mume wangu aliyazunguka yale mabafle kama mtu anayekagua ng'ombe wa mwenziwe.

"Kwa nini yangu inakufa inje?" aliuliza hatimaye. Najua lilimgharimu.

"Haiko mubaya, papa," mwenye sono alimjibu. "Ile ya motokari inajua kazi ya kanyumba kadogo. Bioo juu, milango yote imefungwa, nguvu yake haina njia ya kutoroka, njo inakukamata. Ukiitosha inje, unaipa hewa yote ya Kolwezi ijaze. Itaweza wapi?" Kisha akagusa uso wa bafle lake kwa kidole. "Hii yangu karatasi yake iko mwepesi, inapiga na kutupa mbali. Haikule batri, inakula umeme ya nyumba. Inaweza kulia toka asubui mupaka magaribi na haichoke. Lakini kushuka chini kabisa, chini-chini kule, yako inashinda yangu."

Mume wangu hakusikia kitu isipokuwa sentensi ya mwisho. Aliirudia mpaka siku ya arusi, hata kwa watu waliomuuliza habari za asubuhi.

Siku ikafika. Tulirudi kutoka kanisani mchana, lupango likajaa. Bukari, ugali wetu, ilikuwepo, samaki walikuwepo, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ilikuwa kwenye mapipa. Baba alikaa kwenye kiti cha heshima, suti yake ya zamani ikimning'inia mabegani, na chini ya meza nikaona ameshavua viatu. Nikafurahi. Nikajua anajiandaa.

Mwenye sono akawasha.

Duh! Lile pigo la kwanza lilinipiga kifuani kama mtu aliyekuwa ananidai. Likafuata la pili, na la tatu. Nikageuka kuwatazama wageni, nikitegemea mabega yaanze kucheza. Hakuna bega lililosogea. Lupango zima walikuwa wameshika vikombe. Mkono mmoja kikombe, mwingine sahani, na shangazi amekumbatia mfuniko wa sufuria ya samaki. Walikuwa wametulia, wenye adabu, wanangoja ipite.

"Iko miziki!" nilipiga kelele. "Mucheze! Iko miziki!"

Watu wakacheka kwa aibu, wakaanza kuachia vikombe. Hapo huenda mambo yangenyooka, lakini wimbo wenyewe ulikuwa wa hawa waimbaji wa sasa wanaopenda mbwembwe. Ngoma zinakwenda, zinakwenda, halafu ghafla zinanyamaza, gitaa linabaki peke yake, kisha ngoma zinarudi kwa kishindo. Ngoma zilinyamaza. Na baba akasimama, mkono juu.

"Moja ilibakia!" alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, sauti ya machimboni. "Mutu asikanyage pale!"

Watu wa mji mwingine wangecheka. Hawa walikuwa watoto wa wachimbaji, wajane wa wachimbaji, madereva wa malori ya shaba. Bwana arusi, ambaye alishaanza kuingia uwanjani, alibaki na mguu hewani, kisha akaurudisha nyuma polepole, mahali ulipotoka. Katekista alisogea nyuma ya keki. Kila mtu alijua kwamba ule ni uwanja wa kuchezea na chini yake hakuna kitu isipokuwa udongo wetu mwekundu tulioufagia asubuhi. Lakini mkono wa mtu wa baruti ulikuwa juu, na katika mji huu hakuna anayetaka kuwa mtu wa kwanza kuupita. Kichwa kinajua, mguu unakataa.

"Kuko nini?" aliuliza mwenye sono, maskini, mtu wa reli. Akafikiri hatuupendi wimbo, akaweka mwingine. Ule ulikuwa unanyamaza mara nyingi zaidi. Baba akainua na mkono wa pili.

Nilimkimbilia. Nikamwonyesha mabafle, nikamchezea kiuno, nikapiga kelele mbele ya macho yake asome midomo yangu. Alinitazama kwa huruma.

"Miziki haipasukake vile," aliniambia. "Mi nilifanya hii kazi mbele ya weye kuzalikwa. Mungoje."

Tukangoja. Bibi arusi alisimama pembeni na shela lake, akimtazama babu yake. Wajomba wakaanza tena minong'ono yao ya kuchagua mkubwa mwingine. Nilimkasirikia kila mtu kwa zamu: baba kwa ukaidi wake, mwenye sono kwa nyimbo zake, waimbaji wa sasa wote, na mume wangu kwa sababu ya mazoea. Ndipo nikamwona huyo wa mwisho yuko mbele yangu, ananishika mkono.

"Mama, tumuingize mu motokari."

"Na buko?" nilimuuliza. "Utafungia babamukwe mu motokari na ile kelele yako?"

"Weye utakaa katikati."

Alimwendea baba, akapiga goti moja, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, macho yakiwa chini, kisha akamwonyesha gari. Baba alishangaa. Kwa miaka yote ile, mkwe wake hakuwahi kumwita mahali. Akashusha mikono, akafuata, na wageni wote wakafuata nyuma na kulizunguka gari.

Wao wawili mbele, mimi nyuma katikati yao, mgongo kwenye buti. Vioo juu. Joto lile! Mume wangu akashika simu.

"Gani?"

"Ile ya mama," nikasema. Mama alikuwa na rumba moja ya zamani aliyoiimba kila alipochekecha unga.

Kitu kikaamka mgongoni mwangu. Kule nje kilikuwa kinaomba msamaha. Humu ndani kilikuwa kimeshasamehewa. Figo zangu zilibadilishana mahali. Kiti kiliimba, mlango uliimba, na meno yangu yaliimba sauti ya pili. Wale wanaume wawili walitazama mbele bila kupepesa, kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho, kila mmoja akimwogopa mwenziwe.

Baba aliweka kiganja juu ya mlango. Kisha akaweka cha pili juu ya paja. Kidole kimoja kikaanza kutembea. Hakikufuata ngoma. Kilifuata gitaa la besi lenyewe, kikipanda linapopanda na kushuka linaposhuka.

"Hii," alisema. "Hii iko ile ya mama yako."

Kidole kikaendelea. Halafu akainua kichwa.

"Hapa njo alikuwa anageuka."

Wimbo ukaenda, ukarudi mahali pale pale.

"Na hapa tena."

Nililia, na sioni haya kusema. Nilimlilia mama, nikamlilia mzee huyu aliyekaa nyumbani kwangu ndani ya kimya chake, huku muziki pekee ambao angeweza kuupata ukiwa kwenye buti, na sisi tukiuzima kila anapopanda, eti heshima. Mume wangu alikuwa analia pia, lakini alitazama dirishani ili buko isivunjike.

"Na kule inje," baba akauliza, "banapasua nini?"

Niliweka mkono begani kwake, nikampigia mapigo ya ngoma tu, duh, duh, duh, sawasawa na wimbo, kisha nikamwonyesha yale mabafle meusi. Alifikiri. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kumbe kule banatupa ngoma, banaacha mwimbo! Wambie bapige hii hii. Mwimbo niko nayo."

Alishuka gari miguu mitupu, watu wakampisha. Mwenye sono akapiga rumba ile, na ngoma zake za zamani haziruki, zinakwenda tu kama mtu anayejua kwao. Baba akasimama ukingoni mwa uwanja, akazipokea kwa nyayo. Kisha akanyoosha mkono, na binti yangu akauchukua.

Walicheza peke yao. Baba alikuwa mgumu mwanzoni, goti moja likimlaumu, lakini pale pa kugeuka alimgeuza mjukuu wake bila kukosea, na shangazi akapiga kigelegele akiwa bado amekumbatia mfuniko. Hakuna mwingine aliyeingia. Mzee alikuwa amekataza, na alikuwa bado hajafungua.

Na hapo king'ora kikalia ng'ambo. Alasiri ilikuwa imefika kama kawaida yake, arusi au si arusi.

Ardhi ikatikisika. Mtu wa Lubudi akaruka juu ya mitambo yake, akazima kila kitu, akilia kwamba si yeye, mabafle yalikuwa mazima, tusije tukamwambia ni yeye. Vikombe vyote vikashikwa. Baba alisimama katikati ya uwanja, mkono wa bibi arusi ndani ya wake, kichwa kimeinama, nyayo zimeshika udongo. Nilimwangalia miguu. Alihesabu. Kishindo cha mwisho kikaenda, vumbi likatulia, naye akangoja kidogo, kama anavyongoja siku zote.

Akaitikia kwa kichwa. Akatuita kwa mkono.

"Byote bilisha kupasuka," alisema. "Muingie."

Tukaingia. Tuliingia wote kwa pamoja, wajomba, majirani, katekista, mume wangu akijiweka mbali na mkwe wake kama inavyotakiwa, na mwenye sono akaurudisha wimbo pale alipoukata. Baba alimkabidhi bibi arusi kwa mumewe, kisha akaniita kwa kidole. Sijui kucheza rumba, mama hakupata nafasi ya kunifundisha. Akanishika mkono hata hivyo, na tulipofika mahali pa mama, akanigeuza.